Kisia, Mke Wangu

Wifi yangu Marselina ana maradhi ya kutaka watu wafurahi. Ukila kwake lazima ucheze, na ukikataa anakubembeleza kwa upole wa kimwalimu mpaka unakubali kwa kuchoka. Anafundisha watoto wa chekechea hapa Visiga, na siku nyingine nadhani anasahau kwamba ameshatoka darasani. Simchukii, wala hajanikosea. Nasema tu kwamba ile Jumapili angetuacha tukala pilau letu, tukajilaza kwenye makochi kama watu wengine, mama yangu sasa hivi angekuwa kwake shambani Masaki, si ile Masaki ya Dar.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya Mwishehe, mtoto wao wa pekee, aliyemaliza chuo. Watu hatukuwa wengi. Alikuwepo kaka yangu Amiri na mkewe huyo Marselina, Mwishehe mwenyewe, mama, mimi, na Telesphory, kaka yake Marselina, ambaye alitoka Bukoba zamani sana lakini akicheka nadhani wa Bukoba bado wanamsikia. Tulikula, tukasifu, Telesphory akasimama kutoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. Kisha Amiri akamgeukia mama.

"Mama, kesho tunaondoka mapema. Nimeshaomba ruhusa kazini. Nitakufikisha mpaka mlangoni kwako."

"Inshallah, baba," alijibu mama, na chini ya meza akanibana goti kwa nguvu.

Nilijua kwa nini ananibana. Mama alikuwa haoni.

Alikuja Visiga wakati wa masika, mguu umefungwa matambara. Alikuwa ametumbukiza mguu kwenye tanuri la mkaa pembeni mwa shamba lake, tanuri ambalo lilikuwa likifuka moshi na kila mpita njia alikuwa akilizunguka. Dereva wa bodaboda aliyembeba alishangaa mno, na mshangao wake ukamfikia Amiri kwa simu. Amiri si mjinga. Alimleta mama kwake akamwambia mbele yetu sote: mguu ukipona, na mimi nikiridhika kwamba macho yako ni mazima, nitakurudisha. Vinginevyo Masaki usahau.

Mguu ulipona. Macho hayakupona, na hayatapona. Nilimpeleka mimi kwa daktari wa macho, Amiri akiwa Dar kazini kama kawaida yake, na daktari akatueleza taratibu kwamba ni presha ya macho, imeshakula mshipa, kilichokwenda hakirudi. Jicho la kushoto ni giza tupu. La kulia limebakiwa na mwanga kidogo: mama anajua dirisha liko wapi, lakini hajui ni nani aliyesimama dirishani. Tulipotoka nje alinishika mkono akasema, "Nuria, niapie. Amiri asijue." Nikaapa.

Mtaniambia nilikosea. Semeni tu, nimeshazoea. Lakini nyinyi hamkumwona mama yangu katika nyumba ile. Vigae vinateleza, milango yote inafanana, viti vinahamishwa kila Marselina anapopiga deki. Alikuwa anashinda kwenye kochi moja tangu asubuhi, mikono mapajani, akisikiliza malori ya Morogoro Road yanavyopandisha. Mwanamke aliyelima ekari zake za mihogo na kuokota korosho zake mwenyewe tangu nizaliwe! Kule Masaki anajua mkorosho upi ulipandwa na nani, na anaweza kutoka mlangoni mpaka kisimani, mpaka kaburini kwa baba, akiwa amefumba macho. Mimi niliona kwamba mtu anayejua njia zake hahitaji sana macho. Na tulishapanga: kila mwisho wa wiki ningetoka kwangu Kibaha nimfuate, na binti wa jirani angelala naye. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na korosho zikidondoka mwenye shamba hayupo, waokotaji hawakosekani.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alikuwa akiniambia. "Nikatieni kamba nikafe kwangu."

Basi tukawa tunamdanganya Amiri, mimi na mama. Mama ni hodari. Alikariri nyumba nzima kwa hatua na kwa kuta. Mtu akiingia, alikuwa wa kwanza kusema, "Karibu, karibu, hebu sema habari za huko," ili asikie sauti. Mezani mimi ndiye niliyekuwa naropoka, "Mama, mchicha huo kushoto kwako, mbona huuli?" na Amiri akadhani nina kimbelembele. Ni kweli ninacho, lakini siku zile kilikuwa na kazi.

Mtu mmoja tu alikuwa anamchangamsha mama kweli, naye ni Mwishehe. Huyu alipewa jina la marehemu baba yetu, na kwetu mjukuu aliyerithi jina la babu ni mume wa bibi yake, hakuna mjadala. Tangu alipozaliwa mama hakumwita kwa neno lingine ila "mume wangu". Naye Mwishehe alikuwa akiingia tu anaanza: "Mke wangu, leo umepika nini? Hukupika? Nakurudisha kwenu." Mama anamjibu kwamba mahari yenyewe hajamaliza kulipa, kijana mwenyewe miguu kama fito, akitaka talaka aseme. Wanaweza kutukanana hivyo mpaka chai ipoe, na hakuna anayekasirika, kwa sababu bibi na mjukuu utani ni haki yao. Marselina, ambaye kwao Bukoba nao wana utani wao, alikuwa akisema hajawahi kuona ndoa yenye raha kama ile.

Ndipo baada ya chakula wifi yangu akaleta mchezo.

Alikuwa amekanda unga wa ngano kwa chumvi na mafuta, akautia rangi za chakula, nyekundu, kijani na njano, kama anavyowafanyia watoto wake shuleni. Akaja na bakuli la vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mtu achukue kimoja, asome kimyakimya, afinyange kitu kilichoandikwa, awekee wenzake kwenye sahani, nao wakisie.

"Anayekisia hashiki," alisema, kidole juu. "Macho tu. Mikono nyuma."

Nikasema mama amechoka, ana safari kesho, tumwache akapumzike.

"Nani amechoka?" mama akasema. "Mimi sijachoka."

Nilielewa. Kukataa kungemfanya Amiri amtazame. Nikasogea nikakaa ubavuni mwa mama, bega kwa bega.

Alianza Telesphory. Alikanda, akatoa ulimi nje kama mtoto, akaweka kitu kirefu cha kijani. Mwishehe akasema jongoo. Marselina akasema muhogo. Amiri akasema treni. Kumbe ni mamba, na Telesphory akakasirika kweli kweli, akatuonyesha meno. Mama alikuwa anacheka pamoja nasi, tena anachelewa kidogo tu, akirudia neno lililokwisha kusemwa: "Mamba huyo! Mamba gani hana mkia?" Nani angejua? Amiri naye alifinyanga birika tukaona tembo. Kila kitu kilikisiwa kwa makelele, wote kwa pamoja, na katika makelele yale mama alijificha vizuri.

Ikafika zamu yake kufinyanga. Akachukua kikaratasi, akakinyoosha, akakitazama.

"Miwani yangu iko Masaki," akasema. "Nisomee, Nuria."

Nikamsomea sikioni: mbuzi ya nazi.

Jamani, mikono ya mama. Alikuwa hajatulia vile tangu masika. Aliugawa unga kwa kuupima kiganjani, akatengeneza kikalio, akatengeneza miguu yake inayopishana, na mwisho akaufinya ulimi wa chuma uliochongoka mbele, akachukua kijiti cha meno akautia meno yake pembeni, moja baada ya jingine. Alipoiweka mezani, Mwishehe na Amiri walipiga kelele pamoja, "Mbuzi!" Telesphory peke yake alikuwa ameshasema kitanda.

"Mama, wewe fundi," Amiri alisema. Alikiinua kile kitu akakigeuzageuza karibu na uso wake. Kisha akamtazama mama kwa namna ambayo hakumtazama tangu amlete, bila kumchunguza. Niliona mabega yake yanashuka. Nikasema moyoni, tumeshinda. Na mama naye alijua, kwa sababu alikuwa amekaa wima, anatabasamu, mikono ina unga mpaka viwikoni.

Tungeishia hapo.

"Lakini mama hajakisia hata kimoja peke yake," alisema Marselina. "Sasa zamu ya mama. Na wewe wifi hebu hamia huku, mnanong'onezana mnatuibia."

"Nakaa hapa hapa," nikasema.

"Nuria, ni mchezo tu," alisema Amiri, akicheka.

Nikahama. Nikakaa upande wa pili, karibu na mlango wa jikoni, na mama akabaki peke yake kwenye kochi lake. Nilikuwa nafikiria la kufanya: mtu akifinyanga kitu, nitalitaja jina lake kwa bahati mbaya, nitagombezwa, basi. Mdomo wangu unajulikana.

"Nitamfinyangia mimi," akasema Mwishehe. "Huyu ni mke wangu, asifinyangiwe na wanaume wengine."

Alichukua donge la kijani akapiga magoti mbele ya meza ndogo. Akaanza kazi. Alilipigapiga, akalisukuma, akaguna, akasema, "Subiri mke wangu, hiki cha kijani hujawahi kufanyiwa." Mama alikuwa anamsikiliza kichwa kimeinama kidogo. Halafu yule kijana akatukonyeza, akalificha donge lote nyuma ya mgongo wake, na akasukuma mbele ya bibi yake sahani nyeupe ambayo haikuwa na kitu.

Marselina akajiziba mdomo. Telesphory mabega yalikuwa yanamtikisika. Ulikuwa utani mzuri, ndivyo ninavyoweza kusema. Kwa bibi mwenye macho, ungekuwa utani mzuri: angemtukana, angemwambia na mahari yako ilikuwa sahani hii hii, na tungecheka mpaka jirani aulize kuna nini.

"Kisia, mke wangu," alisema Mwishehe.

Mama akainama. Nikakohoa. Nikasema, "Mama, angalia vizuri lakini," na Amiri akaniambia nisimsaidie. Ningefanya nini? Kumwambia kwamba sahani ni tupu ni kuwaambia wote kwa nini ninamwambia. Nilikaa nimeshika mkono wa kiti.

Mama alichukua muda wake. Alisogeza uso, akarudisha nyuma, akakunja jicho kama wanavyofanya watu wanaoona. Najua alichokuwa anafanya. Alikuwa anamfikiria mjukuu wake: rangi ya kijani, alisikia ikitajwa, safari ya kesho, na mapenzi ya huyu kijana kwake. Angemfinyangia nini?

"Ahaa," alisema. "Mkorosho."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Telesphory alijipiga paja, akasema bibi kiboko, bibi amemweza, amemjibu utani kwa utani. Mwishehe mwenyewe alianguka chali kwenye zulia. Hata mimi nilicheka, kwa kumshukuru Mungu, kwa sababu nilijua ameokoka bila kujua. Wote walidhani ameiona sahani tupu akaamua kuwaongezea. Kilichobaki ni mama anyamaze.

Lakini mama alikuwa na furaha. Alisikia kicheko akadhani amepatia. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu apatie kitu mbele ya watu.

"Ila matawi umeyalaza sana chini, mume wangu," alisema, anacheka na yeye. "Kama ule wetu wa njia ya kisimani. Na kabibo umeniwekea, kamoja, hapa juu. Nimekaona! Mlidhani sitakaona?"

Akanyoosha kidole kuonyesha kabibo, tunda la mkorosho. Kidole chake kilipita nje ya sahani, kikaonyesha kona ya meza, pale Marselina alipoweka glasi.

Kicheko hakikukatika mara moja. Marselina alinyamaza kwanza, kisha Mwishehe, aliyekuwa bado amelala kwenye zulia, akainuka akakaa. Telesphory ndiye aliyechelewa. Alicheka peke yake kidogo, akatutazama, akaacha.

Mama alishusha mkono. Hakuna mtu anayesikia ukimya kama mama yangu. Alipapasa meza, akaikuta sahani, akaingiza vidole ndani yake na kuizungusha pole pole mpaka kwenye ukingo. Hakukuta kitu, hata chembe ya unga. Aliendelea kuipapasa ingawa alikuwa ameshajua, na sikuweza kumtazama.

"Nuria," alisema Amiri. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa Dar unatafuta hela za vigae," nilimjibu. Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani. "Ni presha ya macho. Haitibiki. Daktari kasema."

"Mnanificha! Mama yangu mwenyewe! Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, hamjui? Angeingia tena kwenye tanuri kule, peke yake porini, mngeniambia nini?"

"Usimgombeze mwenzio," mama alisema. "Nilimwapisha mimi."

Amiri alikwenda akachuchumaa mbele yake. Kaka yangu ni mtu mzima, ana mvi, na machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya shemeji yake. "Mama, kwa nini hukuniambia? Unadhani ningekukataza kwenda?"

"Ungenikataza."

Mimi nilisubiri aseme hapana. Namshukuru kwa jambo moja, hakumdanganya.

"Ningekukataza," alisema. "Ndiyo mama. Na sasa nakukataza."

Mama akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alishaisikia. Hakubisha, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa abishe ili nimuunge mkono. Nilikuwa na maneno tele: binti wa jirani, mwisho wa wiki, njia anazozijua. Nilianza kuyasema. Akaniinulia kiganja bila kunigeukia.

"Basi, mwanangu. Wameona."

Marselina alikuwa analia jikoni, tunamsikia anafungulia bomba ili tusimsikie. Telesphory alitoka nje akasimama barazani, mikono mfukoni, anatazama barabara. Mwishehe alikuwa bado pale chini kwenye zulia, donge la kijani mkononi. Akaanza kulifinyanga. Safari hii hakuguna wala hakutania. Alitengeneza shina nene, akatoa matawi akayalaza chini kabisa mpaka yaguse, akamega kipande chekundu akakibandika juu, na chini yake akabandika punje moja iliyopinda. Kilikuwa kizuri kuliko vitu vyote vilivyofinyangwa siku ile. Akakiweka mikononi mwa bibi yake, akamkunjia vidole juu yake.

"Kisia, mke wangu," alisema. "Shika. Ruhusa. Kisia kwa mikono."

Vidole vya mama vilitembea. Vilipita kwenye shina, vikafuata tawi moja mpaka mwisho wake, vikarudi, vikapanda juu, vikakuta kabibo, vikakaa pale. Mikono iliyotengeneza ulimi wa mbuzi na meno yake! Hata mtoto wa chekechea angetambua.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema mama, akamrudishia.

Mwishehe alinitazama mimi, nami nikamtazama mama; tangu kijana azaliwe, mama hakuwahi kumwita mjukuu. Amiri alikuwa bado amechuchumaa. Mama akajiinua kwenye kochi. Kwa miezi yote ile, kutoka pale mpaka chumbani kwake alikuwa anakwenda mwenyewe, kichwa juu, mkono mmoja unagusa ukuta kama mtu anayekagua rangi tu, na ole wako umshike. Siku ile hakuugusa ukuta. Alisimama alipo, akanyoosha mkono wake mbele, wenye unga uliokaukia, kwa yeyote aliyekuwepo.

"Nipelekeni ndani," alisema.